Ujaini Kwenye Kona ya Maktaba

Jumatatu, 6 Mei

Naanza shajara hii leo, na naahidi kuandika yote, hata yatakayonitia aibu. Sina hiari. Kusema kweli ni mojawapo ya nadhiri za Wajaini, na mtu anayetaka dunia nzima isome habari za Wajaini hawezi kuanza kwa kuficha mambo kwenye daftari lake mwenyewe.

Nieleze kwanza nilivyofika hapa. Maktaba ya shule yetu ilikuwa na ensaiklopidia kamili, A mpaka Z. Paa likavuja. Kitabu kilichobaki kikavu ni cha herufi J. Nimekisoma chote wakati wa likizo. Sasa najua mengi kuhusu jibini, jongoo, judo na sayari ya Jupita. Lakini kilichonishika moyo ni Ujaini, uliowekwa chini ya neno Jaini: kurasa tatu na picha moja. Ni dini ya kale sana iliyoanzia India. Wafuasi wake wanajitahidi wasidhuru kiumbe chochote chenye uhai, hata sisimizi. Watawa wao hufagia njia mbele ya miguu yao wasije wakakanyaga kitu. Baadhi yao hufunika mdomo kwa kitambaa. Mwisho wa kurasa hizo kuna sentensi inayosema kwamba vyuo vinavyofundisha Ujaini duniani bado ni vichache.

Sentensi hiyo imeniuma. Watu waangalifu kiasi hicho, halafu hakuna anayewasoma.

Nilimwuliza mwalimu wa historia, ambaye tunamwita Swali Zuri. Akasema swali zuri, akafuta ubao, akatoka. Baadaye alinikuta bombani akaniambia, kwa kuwa ni mtu mkweli, kwamba hajui shule hata moja inayofundisha Ujaini, na kama naona kuna pengo basi nilizibe.

Nitaliziba. Mpango wangu ni huu: darasa letu, kisha mkondo wa pili, kisha shule nzima, kisha dunia.

Hatua ya kwanza ni kuanzisha chama. Mwalimu Mkuu anasema sehemu iliyo wazi ni kona moja tu ya maktaba, ile iliyokuwa na kompyuta. Kompyuta ilipelekwa kwa fundi na mpaka leo inatengenezwa. Lakini kona hiyo imekwisha kuombwa na mtu mwingine. Binamu yangu. Huyu ni mtoto wa shangazi, anaishi kwetu, tuko darasa moja, na tangu akiwa mdogo kila mtu anamwita Meneja. Anataka kuweka vifaranga wa kuku wa nyama kwa sababu kona haipitishi upepo. Tena amependekeza vitabu vyote chakavu vichanwe viwe matandiko yao. Cha J kimo.

Mwalimu Mkuu hapendi kelele. Ameamua kwamba Ijumaa baada ya vipindi kila mmoja wetu aitishe mkutano hapo hapo maktaba. Afisa elimu atakuwa ziarani na anahitaji kuonyeshwa kitu. Atakayevuta watu wengi atapata kona.

Nilimweleza Meneja kwamba hicho ndicho kitabu pekee chenye Ujaini katika shule nzima, na pengine mtaa mzima. Akanipa pole. Akaniuliza, "Binamu, wewe si hutaki kudhuru kiumbe? Vifaranga wakilala kwenye saruji wanakufa kwa baridi. Sasa nani hapa ndiye anayedhuru?"

Nikafungua kitabu kutafuta jibu. Ukurasa wa pili umechanika pembeni. Huenda jibu lilikuwa hapo.


Jumanne, 7 Mei

Nimeamua kuanza na mimi mwenyewe. Watu wakiniona naishi ninachokisoma, watauliza. Wakiuliza, nitawajibu. Wakijibiwa, watajiunga. Sijaona kasoro katika hesabu hii.

Nimechukua ufagio laini wa sebuleni na kufagia njia yote ya kwenda shule, hatua kwa hatua. Jirani yetu muuza vitabu alitoa kichwa dirishani akauliza kama manispaa imeniajiri. Nikasema hapana, ni masomo. Akasema siku hizi masomo yamekuwa magumu. Karibu na kituo cha mafuta nilikuta sisimizi wanavuka barabara. Nikasubiri wapite. Walikuwa na ukoo mkubwa.

Mwalimu wa zamu alinikuta langoni akaniuliza kwa nini nimechelewa. Hapa ndipo niliona nafasi. Wajaini wana namna ya kusema kwa uangalifu mkubwa, kwamba jambo linaweza kuwa kweli kwa upande mmoja na lisiwe kweli kwa upande mwingine, na kuna njia saba za kulisema. Nikamjibu kwamba kwa namna fulani nimechelewa. Kwa namna fulani sijachelewa, maana wapo walio nyuma yangu. Kwa namna fulani nimechelewa na sijachelewa. Kwa namna fulani jambo lenyewe halisemeki. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika ya nne.

Akasema kwa namna fulani nitafagia uwanja wa mstarini, na kwa bahati nzuri nimekuja na ufagio.

Nimeufagia wote. Polepole, kwa faida ya wadudu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walipita wakanionea huruma. Hakuna aliyeuliza kitu. Hesabu yangu imekwama kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Jioni Mama alipika viazi, karoti na vitunguu. Vyote ni mizizi. Wajaini wengi hawali mizizi, kwa kuwa ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima na vijidudu vilivyoushika. Isitoshe jua lilikuwa limezama, na baada ya jua kuzama wengi wao hawali kabisa. Nilimweleza Mama haya kwa heshima. Akauliza kiazi kimenikosea nini. Nikasema kiazi hakijanikosea, mimi ndiye ningekikosea. Mama akanigusa paji la uso.

Nikamtoa wasiwasi. Nikamwambia sijabadili dini wala simbadilishi mtu dini, haya ni masomo tu.

"Masomo gani hayo yasiyokula viazi?" akauliza. "Dada yako kasoma uhasibu mpaka kamaliza, mbona anakula?"

Meneja akavuta sahani yangu. Akasema yeye anaunga mkono elimu ya juu, na kama kesho Mama atapika viazi vitamu niendelee na moyo huo huo.


Jumatano, 8 Mei

Asubuhi nilikula mkate kama mtu aliyefunguliwa jela.

Nimetangaza chama darasani. Jirani yangu wa dawati aliuliza kama kutakuwa na soda. Ningeweza kusema huenda. Nikakumbuka nadhiri, nikasema hakuna. Akaniambia nisimhesabu. Wakati huo huo Meneja anawaonyesha watu picha ya kifaranga kwenye simu ya shangazi. Anawaambia kila atakayekuja atamshika mmoja mkononi. Mimi nina dini ya kale yenye falsafa nzito kuhusu pande nyingi za ukweli. Yeye ana kitu cha manjano chenye manyoya. Ushindani huu si wa haki.

Ninahitaji tangazo.

Mjomba, kaka yake Mama, ni mchoraji wa mabango. Maduka yote ya mtaa huu yana mkono wake. Amekubali kunichorea bure, tena si kwenye ubao bali moja kwa moja kwenye ukuta wa shule karibu na lango, kwa kuwa ukuta ni mpana na rangi ya mafuta haitoki hata kwa mvua. Mwalimu Mkuu aliruhusu tangazo dogo. Mjomba anasema kwake dogo ni neno la watu wasiojiamini.

Nikamwandikia maneno kwenye karatasi: MASOMO YA WAJAINI. IJUMAA BAADA YA VIPINDI. MAKTABA. KARIBUNI WOTE. HAKUNA KUDHURU.

Alisoma huku midomo ikicheza. Akaniangalia kwa huruma. Akauliza kama mwalimu wa lugha ameiona karatasi hii. Nikasema hapana. Akatabasamu akasema, "Haya mjomba, niachie. Nenda kalale. Kazi ya fundi mwachie fundi."

Nalala nikiwa na amani kubwa.


Alhamisi, 9 Mei

Ukutani, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, ndefu kama mimi:

MASOMO YA MAJINI. IJUMAA BAADA YA VIPINDI. MAKTABA. KARIBUNI WOTE. HAKUNA MADHARA.

Nilisimama pale mpaka kengele ikalia.

Mchana nilikwenda kwa Mjomba. Alikuwa juu ya ngazi akichora samaki kwenye duka la friji. Akasema nisimshukuru. Akaeleza kwamba tangu aanze kushika brashi hajawahi kumwacha mteja aaibike kwa tahajia, na amekwisha kuwaokoa wengi, akiwemo mtu mmoja wa bucha aliyetaka kuandikiwa nyama ya "mbozi". Wajaini hajawahi kuwaona popote. Majini anawajua. Nikamweleza kwamba Wajaini wapo, ni mamilioni. Akasema inawezekana, lakini si katika herufi za ukubwa ule. Na hapo kwenye kudhuru aliona panasomeka vibaya, akaweka madhara. Hiyo ni zawadi.

Sasa tatizo halisi. Naahidi kuliandika lilivyo. Tangu asubuhi watu wanazungumzia mkutano wangu. Wanasimama ukutani. Wanaonyeshana kwa vidole. Wa kidato cha kwanza wamenisimamisha kuuliza kama waje na taulo. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kukanyaga shuleni, amemwuliza mlinzi kama wazazi nao wanaruhusiwa. Sijawahi kuwa maarufu. Ni jambo zuri, linaleta joto kifuani.

Nikajiuliza: ukweli si una pande nyingi? Kwa namna fulani ni masomo ya Wajaini, na kwa namna fulani si masomo ya Wajaini. Wakishaingia na mlango ukafungwa, nitawaeleza upande uliobaki.

Nikampelekea Swali Zuri hoja hii. Akasema swali zuri. Safari hii hakuondoka. Akasema ukweli una pande nyingi, ndiyo, lakini ukuta una upande mmoja, na juu yake kimeandikwa kitu ambacho mimi najua si kweli. Kisha akaondoka.

Basi jioni, jua likiwa bado juu, nikachukua mabaki ya rangi na ngazi ya mlinzi. Nadhiri ni nadhiri. Nilipanga kuigeuza M kuwa W, ambayo ni kazi nyepesi ukiitazama kwa mbali, na kupachika A baada ya J. Nikaanza na A. Meneja alinishikia ngazi, nakiri hilo, na alishika vizuri. Ila hakunyamaza hata kidogo. Alinieleza habari za pumba, chanjo na jinsi kifaranga anavyolala na taa. Mjomba anabananisha herufi zake kwa ajili ya uzuri, kwa hiyo kati ya J na I hapakuwa na nafasi. A yangu ilikaa juu ya I yake. Ikaimeza. Rangi nayo ikaisha kabla sijaifikia M.

Niliposhuka nikasoma: MASOMO YA MAJANI.

Meneja aliachia ngazi akarudi nyuma kutazama. "Safi, binamu," akasema. "Sasa hata mbuzi watakuja."


Ijumaa, 10 Mei

Leo nina mengi. Niandike kwa utaratibu.

Baada ya vipindi nilifika maktaba na kitabu cha J chini ya kwapa. Meneja alikuwa ameshatangulia na boksi lake, taa, na kundi la wasichana wa darasa letu waliokuwa wanatoa sauti za kubembeleza vifaranga. Upande wangu hapakuwa na mtu. Nikapanga viti. Nikavipangua ili vionekane vichache.

Kisha mlango ukafunguka na haukufungwa tena.

Wa kwanza kuingia walikuwa kidato cha kwanza, wale waliosoma ukuta jana. Walikuwa na taulo mabegani, na mmoja alikuwa amevaa kiunoni mpira wa ndani wa tairi la lori. Walikuja kujifunza kuogelea. Nyuma yao fundi cherehani, shingoni kavaa futi yake ya kupimia, pamoja na wanawake wawili wenye nyuso nzito. Hao walisoma ukuta ule ule wakaelewa vingine. Mwisho akaja mfugaji wa sungura na gunia tupu, yeye aliyepita asubuhi ya leo.

Mwanafunzi wa mpira wa tairi alimpisha fundi cherehani kiti akamwuliza kwa adabu kama yeye pia ni mara yake ya kwanza majini.

"Mara ya kwanza?" fundi akasema. "Mwaka mzima nahangaika nayo. Yamo ndani ya cherehani yangu. Inashona yenyewe mimi nimekaa."

"Maji yameingia kwenye cherehani, mama? Si utapigwa shoti?"

"Nani kataja maji? Nimesema majini."

"Ndiyo. Na sisi majini. Tunataka kuingia."

Fundi cherehani akawasogelea wenzake. Akawaambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wa siku hizi hawaogopi kitu. Mfugaji wa sungura akataka kujua majani yanagawiwa saa ngapi, kwa sababu ana sungura wagonjwa nyumbani.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Mkuu na afisa elimu. Afisa elimu ni mtu mnene, mpole, mwenye faili na mafua. Akatazama taulo, futi ya fundi, gunia, vifaranga. Akauliza hili ni somo gani. Mwalimu Mkuu akanitazama mimi. Chumba kizima kikanitazama mimi.

Niliwahesabu kwa macho. Walikuwa wengi kuliko wa Meneja. Ningenyamaza tu, au ningesema "somo la jumla," kona ingekuwa yangu na kitabu changu kingepona. Nadhiri zingine za Wajaini ni nyepesi kuliko hii.

Nikasimama. Nikasema samahanini sana. Ukuta umekosewa mara mbili, na mara ya pili ni mimi. Hili si somo la kuogelea, wala la majini ya kwenye cherehani, wala la majani ya sungura. Ni somo la Wajaini.

Afisa elimu akapiga chafya. Akauliza ni wangapi waliokuja kwa ajili ya Wajaini, wanyooshe mikono. Hakuna aliyenyoosha. Fundi cherehani aliinua mkono nusu, akauliza kama hao Wajaini wanafukuza majini, na nilipoanza kumjibu kwa njia zote saba akaushusha. Afisa elimu akafungua faili. Nikaona kalamu inachora duara. Najua namba inayoandikwa hivyo. Meneja, kwa kweli nimtendee haki, hakucheka. Aliangalia kile kitabu kwapani kwangu kama mtu anayepima unene wake.

Wanafunzi wa kuogelea wakaanza kutoka kwa masikitiko. Yule wa mpira wa tairi akageuka. Mpira ukageuka naye. Ukapiga meza, meza ikapiga boksi, boksi likalala ubavu.

Vifaranga wakamwagika sakafuni.

Walikuwa chini ya viti, chini ya sketi, kati ya viatu vya afisa elimu. Msichana mmoja alinyanyua mguu akapiga yowe. Nilisikia sauti kubwa ikisema asinyanyue mtu mguu. Ilikuwa yangu. Sijui ilitoka wapi. Watu wote wakaganda walivyokuwa, wengine nusu wameinama, Mwalimu Mkuu kidole kimoja hewani.

Nikawaambia kwamba ipo namna. Ipo namna ya kale sana, na imeandikwa. Kabla ya kuweka mguu, fagia kwanza unapouweka. Fagia kwa kitu laini, taratibu, ukitazama chini. Wa kuogelea wakafagia kwa taulo. Mfugaji wa sungura akafagia kwa gunia. Fundi cherehani akafagia kwa ncha ya mtandio wake, na alikuwa mzuri kuliko wote. Vumbi la pumba likapanda. Afisa elimu akafunga leso puani na mdomoni, akaendelea kufagia mbele yake kwa faili. Wengine wakamwiga, wakajifunga taulo usoni.

Nikawatazama. Chumba kizima, vitambaa mdomoni, wanakwenda hatua moja moja, wanafagia mbele ya miguu yao ili wasiue. Ilikuwa ile picha ya ukurasa wa pili.

Machozi yalinitoka, lakini sikupoteza muda. Nikapanda kiti, nikafungua kitabu, nikawasomea. Hakuna aliyeweza kutoka, kwa kuwa kutoka kunahitaji kunyanyua mguu. Nikasoma kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kutolimbikiza mali. Nikasoma njia saba za kusema jambo, zote saba. Ujaini ulipokwisha bado kulikuwa na vifaranga nyuma ya kabati, basi nikaendelea na jibini.

Hakufa hata mmoja.

Afisa elimu alipofungua leso alikuwa amelowa jasho. Akasema amekagua shule nyingi na ameonyeshwa chati nyingi, lakini hajawahi kuona somo ambalo kila aliyekuwemo alilitenda, akiwemo yeye. Akauliza hawa watu ni wa chama kipi kati ya viwili. Hakuna aliyeweza kuwatenganisha, kila mtu alikuwa ameshika kifaranga. Basi akaamua papo hapo, na Mwalimu Mkuu alikuwa amechoka mno kumpinga. Kona itumike na wote. Kitabu kisichanwe. Vyama viunganishwe viwe chama kimoja, mimi mwenyekiti, Meneja katibu, na mwisho wa muhula tumpelekee taarifa yenye idadi ya wanafunzi na idadi ya kuku waliouzwa.

Jina lake, limeshaandikwa kwenye faili kwa kalamu ya wino: Chama cha Ujaini na Kuku wa Nyama.

Nadhani hakuna chama kingine kama hiki duniani. Nitaliangalia hilo kwa makini.


Jumapili, 12 Mei

Jana sikuandika. Tulikuwa tunahamia. Kitabu cha J kiko kwenye rafu juu ya taa, kinapata joto. Vifaranga wanalalia magazeti.

Nimefikiri sana kuhusu wiki hii na nimejifunza mambo mengi. La kwanza, tangazo lilikuwa dogo. Watu wa upande wa pili wa barabara kuu hawakuliona. Nimekwisha kumwomba Mjomba achore ukuta wote wa mashariki, na safari hii sikumpa karatasi, kwa sababu ni karatasi iliyomchanganya. Nimemweleza kwa mdomo akiwa anaendesha baiskeli. Amesema ameelewa kabisa.

La pili, ufagio peke yake hautoshi. Nitafundisha na kutembea bila viatu.

Linalonisumbua ni taarifa ya afisa elimu. Sehemu ya kuku haina shida, Meneja ameshaanza kuchukua oda. Anampima mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni kwa Mama na kumpa pongezi. Sehemu ya wanafunzi ndiyo tatizo. Kwa kweli kabisa, tangu Ijumaa aliyerudi ni fundi cherehani tu, na alikuja kuuliza kama ile sala ya njia saba inafaa kusomewa cherehani. Nilimwambia si sala, ni mantiki. Akasema atajaribu hivyo hivyo.

Leo mchana, nikiwa nafagia kona, nilipata jibu. Wajaini hupanga viumbe kwa idadi ya hisi zao. Kiazi kina moja, ya kugusa. Kuku ana zote tano. Tena wanasema mnyama mwenye hisi tano na akili anaweza kuyasikia mafundisho na hata kuweka nadhiri ndogo. Imo kwenye kitabu. Na hawa wameyasikia mafundisho, kurasa tatu nzima, tena bila kutoka nje hata mara moja.

Nimewaandikisha wote. Nimeita majina. Hawakujibu, lakini hata kidato cha pili B hawajibu. Sijadanganya: kwenye safu ya maelezo nimeandika "kwa namna fulani." Naona idadi ya wanaosoma Ujaini katika mji huu imepanda kwa boksi zima, na mwanafunzi wa shule hapikwi, hilo linajulikana.

Mama alipoona orodha alikaa chini. Akauliza kama sasa nitakula. Nikasema nitakula kila kitu isipokuwa mizizi na wanachama.

Meneja yeye hakukasirika hata kidogo. Alisoma orodha yote, akasahihisha tahajia sehemu mbili, akanirudishia. "Andikisha tu, binamu," akasema. "Kila shule ina siku ya kufunga."

Nilitafakari maneno hayo mpaka jioni. Sikuyapenda. Nikamwendea Swali Zuri nyumbani kwake. Alikuwa anafua mashati. Nilipomwuliza hakusema swali zuri, jambo lililonitisha. Alikausha mikono, akaingia ndani, akaniletea anwani ya chuo kikuu kimoja cha mbali ambacho amesikia wana mwalimu wa Ujaini. Akasema huko ndiko waulizwe.

Basi nimewaandikia. Nimewaeleza kwamba sisi tumekwisha kuanza, kwamba tuna kona, kitabu kimoja, na wanafunzi wengi wenye afya. Nimewasalimu kwa niaba ya wote. Sikutaka kuwasumbua na mambo mengi kwa barua ya kwanza, kwa hiyo nimemalizia na jambo moja tu, nimelipigia mstari, na ninanakili hapa nisije nikalisahau: Waheshimiwa walimu, naomba mnijibu kwa posta ya kwanza itakayotoka huko, maana wanaongezeka uzito kila siku. Je, mwanafunzi aliyeandikishwa rasmi anaweza kuuzwa kwa kilo?